Seva ya malipo isiwe hatua ya kwanza kwa anayeanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu jambo ambalo limekuwa gumzo katika ofisi ndogo za utalii na nyumba za wageni hapa Moshi na kule Arusha, nalo ni mafunzo ya siku moja au mbili ambayo wafanyabiashara wadogo wanauziwa ili wajue kupokea malipo ya sarafu za kidijitali, hasa Bitcoin, kwa seva ya malipo, yaani kompyuta inayokaa imewashwa kutoa ankara na kufuatilia malipo, wanayoijenga na kuiendesha wenyewe. Mimi ni mtunza hesabu. Nawaandikia vitabu wenye nyumba za wageni wanne na mawakala wawili wanaopandisha watalii Mlima Kilimanjaro, na kwa kuwa nilisomea kompyuta kidogo kabla ya kuingia kwenye hesabu, mashine inapogoma anayepigiwa simu ni mimi.

Sina ugomvi na mtu anayetaka kushika fedha zake mwenyewe bila kuzipitisha mikononi mwa kampuni ya kati. Mtu huyo namheshimu. Ninachokilalamikia ni kwamba hatua ya mwisho inauzwa kana kwamba ndiyo ya kwanza. Mtu ambaye hajawahi kutuma wala kupokea Bitcoin hata ya shilingi elfu moja anauziwa kisanduku cha kompyuta, anaambiwa kwamba kuanzia siku hiyo siri za biashara yake zimo humo ndani na ziko salama, kisha anaachwa nacho. Faragha anayoahidiwa haimo ndani ya kisanduku. Imo katika mazoea madogo ya kila siku ambayo angeweza kuyaanza kwa simu aliyonayo mfukoni, na ambayo asipoyajua, hata kisanduku hakitamsaidia.

Niwatendee haki walioibuni teknolojia hii, kwa maana chimbuko lake ni la haki. Programu inayotumika zaidi kwa kazi hiyo inaitwa BTCPay Server, na ilianzishwa mwaka 2017 na Mfaransa mmoja, Nicolas Dorier, baada ya kukasirishwa na kampuni ya malipo ya Marekani, BitPay, iliyokuwa imewaelekeza watumiaji wake wafuate upande mmoja katika mvutano wa wakati ule juu ya kanuni za Bitcoin. Alitangaza hadharani kwamba ataifanya kampuni ile isihitajike tena. Programu aliyoianzisha ni huria, haitozi ada, na fedha ya mteja haisimami mahali popote njiani: mteja akitaka kulipa, seva inatoa ankara yenye anwani mpya, yaani namba ya kupokelea, inalitazama daftari la umma la Bitcoin linaloandika malipo yote, na malipo yakionekana inamwarifu mwenye duka. Ukikumbuka yaliyowakuta walioacha sarafu zao kwa Mt. Gox, soko la sarafu hizi la Tokyo lililoanguka Februari 2014, au kwa soko jingine, FTX, mnamo Novemba 2022, utaelewa kwa nini watu wanataka mashine yao wenyewe. Hapa kwetu wapo wazee ambao wakisikia neno uwekezaji bado wanawaza upatu wa DECI uliofungwa mwaka 2009, na wana haki ya kuuliza hela yao inalala kwa nani.

Sasa nieleze nilichokiona.

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni yenye vyumba tisa, upande wa barabara ya kwenda Marangu, alinipigia simu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya namna hiyo miezi michache kabla, akanunua kisanduku pamoja na diski ya terabaiti moja, kwa sababu daftari zima la Bitcoin limeshapita gigabaiti 600 na aliambiwa kwamba asipokuwa na daftari zima hajawa huru. Kulipakua daftari hilo kulimchukua zaidi ya wiki mbili na bando ambazo sikupenda kuzijumlisha. Kisanduku kilikaa chini ya meza ya mapokezi, juu ya matofali mawili ili maji ya kudekia yasikifikie, na adapta yake ilikuwa imefungwa ukutani kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Usiku ule umeme ulikuwa umekatika mara tatu.

Nilipofika, vijana wawili wa kigeni walikuwa wamesimama mlangoni na mabegi yao mgongoni, na nje dereva wa kuwapeleka uwanja wa ndege wa KIA anapiga honi. Walikuwa wameshalipa. Simu yao ilionyesha kwamba malipo yametumwa, lakini skrini ya mapokezi iliandika kwamba ankara imekwisha muda. Kilichotokea ni rahisi kukieleza na kigumu kukiona ukiwa mgeni wa mambo haya: ankara ya programu hiyo, usipoibadilisha, huishi dakika 15, na seva iliyokuwa ndiyo kwanza imewaka ilikuwa bado inahangaika kulifikia daftari mahali lilipofika wakati yenyewe imezimika. Fedha haikupotea. Ilikuwa imeingia kwenye anwani ya mama, na tulipofungua pochi yake, yaani programu ya kutunzia sarafu hizi, katika simu tuliiona ikisubiri kuthibitishwa. Lakini kwa muda wa nusu saa mama hakujua amwamini nani, wageni walijiona wanashukiwa wizi, na kila mmoja aliyekuwa pale aliamini kwamba mashine ndiyo inayojua. Mama aliniambia, "Mwanangu, mimi nawaamini hawa watoto, lakini kwenye daftari niandike nini?"

Hilo lilikwisha vizuri. La pili halikwisha vizuri. Muamala wa kawaida wa Bitcoin husubiri bloku, yaani fungu la miamala linaloongezwa kwenye daftari, na bloku hutokea kwa wastani kila baada ya dakika 10, kwa hiyo kwa malipo madogo ya chai na chakula cha mchana mama alikuwa amewashiwa njia ya haraka inayoitwa Lightning. Njia hiyo ni nzuri, lakini fedha yake hukaa ndani ya mashine yenyewe, katika makubaliano kati ya mashine hiyo na mashine nyingine ambayo hubadilika kila malipo yanapopita, na ndiyo maana nakala rudufu yake haifanani na nakala rudufu ya picha au barua: ukirejesha hali ya zamani ukaitangaza kana kwamba ndiyo ya sasa, kanuni za mtandao humruhusu mwenzako achukue salio lote kama adhabu. Ipo njia salama ya kuhifadhi taarifa za kukuokoa, lakini lazima iwekwe mapema. Kwa mama haikuwekwa, na diski ile iliyozimika mara tatu usiku mmoja, baadaye haikuamka tena. Shilingi laki moja na arobaini elfu hivi hatukuzipata. Aliyemuuzia kisanduku alisema kwamba jambo hilo linafundishwa katika awamu ya pili ya mafunzo, yenye ada yake.

La tatu ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwa kuwa mashine ilikuwa ikisumbua, binti wa mapokezi alibuni njia ya kuokoa kazi. Alichukua anwani moja ya Bitcoin kutoka kwenye pochi, akaichapisha pamoja na msimbo wake wa QR, akaitia karatasi ya plastiki na kuibandika kaunta karibu na kengele. Kwa wiki kadhaa kila mgeni alilipa hapo. Siku moja mgeni wa makamo, mtu mpole, alielekeza simu yake kwenye ile karatasi, akatazama kidogo, kisha akamwita mama pembeni na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba amepokea malipo kumi na moja tangu karatasi ile ibandikwe, kubwa kuliko yote ni la Jumamosi iliyopita, na kwamba hajatoa hata kidogo. Mama aliduwaa. Akauliza, "Huyu amejuaje hela ya wale Wajerumani?" Kisha akaibandua ile karatasi kwa kucha, taratibu, akaikunja mara mbili na kuitia ndani ya khanga.

Mgeni yule hakuwa mdukuzi. Alisoma kilichoandikwa wazi. Kila muamala wa kawaida wa Bitcoin uliofanyika tangu bloku ya kwanza, tarehe 3 Januari 2009, umo katika daftari ambalo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kulifungua bila kuomba ruhusa. Daftari hilo halitaji majina, linataja anwani na viasi. Lakini ukibandika anwani moja kwenye kaunta yako, jina umeliandika wewe mwenyewe. Anayelipa leo ataona waliolipa jana na watakaolipa kesho, na mshindani wako mtaa wa pili ataweza kuhesabu mapato yako kila Jumatatu bila kunyanyuka kitini. Ni sawa na kuweka kibubu cha kioo barazani. Kisanduku cha mama, ambacho kilitengenezwa kutoa anwani mpya kwa kila ankara, kingemkinga na hilo kama kingekuwa kinafanya kazi. Lakini hakuna mtu aliyekuwa amemweleza kwa nini anwani hubadilika, kwa hiyo mashine ilipogoma, kinga nayo ikaenda na mashine.

Ndiyo maana nasema elimu ianze kwenye simu. Pochi ya programu huria, inayokupa ufunguo wewe mwenyewe na si kukutunzia, inatosha kabisa kwa mtu anayepokea malipo machache kwa mwezi, na nyingi kati ya hizo hutoa anwani mpya kila unapobonyeza kupokea. Unachotakiwa kukizoea ni kubonyeza upya kwa kila mgeni na kuandika kando ya muamala ni wa chumba kipi. Pochi hiyo itakupa maneno 12 au 24 ambayo ndiyo ufunguo wako. Anayeyajua ndiye mwenye fedha, na aliyeyapoteza hana ofisi ya kwenda kulalamika. Yaandikwe kwa kalamu kwenye karatasi. Yasipigwe picha, yasitumwe WhatsApp hata kwa mume au mke, yasiandikwe nyuma ya kitabu cha wageni. Nyumba zetu zina mchwa, kwa hiyo nakala ya pili ikae nyumba nyingine. Kisha, kabla hujapokea cha maana, weka kiasi kidogo cha kujaribia, ifute pochi nzima kwenye simu, na uirejeshe kwa yale maneno. Mtu ambaye hajafanya jaribio hilo hana nakala, ana matumaini tu. Katika nyumba za wageni nne ninazozihudumia, nilipouliza, wawili walikuwa na maneno yao yamepigwa picha na yako kwenye simu ileile yenye pochi.

Swali linalofuata huwa ni la kaunta: mwenye nyumba hayupo, binti wa mapokezi atapokeaje bila kupewa uwezo wa kutoa? Jibu lipo na halihitaji seva. Pochi nyingi zinaweza kutoa ufunguo wa umma uliopanuliwa, ambao wataalamu huuita xpub kwa kifupi, na ukiuweka katika simu ya mapokezi unapata pochi ya kutazama tu: inatoa anwani mpya, inaonyesha malipo yaliyoingia, lakini haiwezi kutuma hata senti. Simu ya kaunta ikiibiwa, fedha haiibiwi. Hata hivyo mwenye ufunguo huo anaona historia yako yote na anwani zako zijazo, kwa hiyo usipewe mtu wa nje wala kupachikwa katika tovuti usiyoijua. Na ifahamike kwamba pochi ya simu isiyo na daftari lake huuliza habari kwenye seva ya mtu mwingine, na seva hiyo inaweza kujua ni anwani zipi unazozifuatilia. Hapo ndipo nodi yako mwenyewe, yaani kompyuta yako yenye daftari zima, ina faida ya kweli, nami siikatai. Ninachosema ni kwamba kwa mtu ambaye bado anabandika anwani kaunta, hilo ni tundu la sindano wakati mlango uko wazi.

Kwa malipo madogo ya haraka zipo pochi za Lightning zinazofanya kazi ngumu kwa niaba yako huku ufunguo ukibaki kwako. Phoenix ya kampuni ya ACINQ ya Ufaransa ni mojawapo. Gharama yake ni ada, na pia ni kwamba njia yako yote hupita kwa kampuni hiyo, ambayo inajua ukimlipa nani na kiasi gani. Haiwezi kuzikamata fedha zako, lakini haijafumbwa macho. Zipo pia pochi rahisi zaidi ambazo kampuni hushika kila kitu nawe unabaki na namba ya siri. Hizo nazikubali kwa shilingi elfu kumi za kujifunzia tu.

Wengine huniuliza kuhusu Monero, sarafu iliyoanza mwaka 2014, ambayo huficha viasi na anwani kwa kawaida yake. Kiufundi inafanya inachosema. Lakini masoko makubwa yameiondoa, Binance ikiwemo tangu Februari 2024, na mwenye nyumba ya wageni anayehitaji kubadilisha kuwa shilingi ili alipe mishahara ataishia mikononi mwa madalali wa vichochoroni.

Sasa nije kwenye seva, mahali inapostahili. Uzuri mmoja wa BTCPay Server ambao wauzaji wa visanduku hawautaji ni kwamba seva moja inaweza kubeba maduka mengi, kila duka na ufunguo wake wa kutazama tu, kwa hiyo anayeiendesha seva hana njia ya kuchukua fedha iliyokwisha kuingia kwenye pochi ya yeyote, ingawa anaziona ankara. Moshi ni mji wa ushirika. Wakulima wa kahawa wa hapa waliunda chama chao cha kwanza mwaka 1925, na chama kikuu chao cha ushirika, KNCU, kikazaliwa 1933, kwa sababu kila mmoja akisimama peke yake na gunia lake alikuwa mnyonge mbele ya mnunuzi. Kwa nini nyumba ishirini za wageni ziwe na visanduku ishirini juu ya matofali, kila kimoja na diski yake inayokufa? Kama siku itafika ambapo malipo haya yana njia halali, chama kimoja kinaweza kuwa na seva moja mahali penye umeme wa akiba, yenye vijana wawili wanaolipwa kuitunza, na sheria ndani ya chama kuhusu nani anaruhusiwa kuziona ankara. Tuna Chuo Kikuu cha Ushirika hapahapa Moshi. Arusha wapo wanafunzi wa Chuo cha Ufundi na wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru. Hao ndio ambao ningependa kuwaona wakihangaika na nodi, diski na njia za Lightning, kwa sababu kwao mashine ikifa ni somo. Kwa mama mwenye vyumba tisa ni mshahara wa mpishi.

Nimeandika maneno "njia halali" kwa makusudi, na hapa naomba wasomaji wenzangu wasome kwa utulivu. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania iliutangazia umma kwamba shilingi ndiyo fedha halali pekee nchini, na kwamba biashara na matumizi ya sarafu hizi yanakwenda kinyume na kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Mwanza, aliitaka Benki hiyo ianze kujiandaa kwa mabadiliko haya ya fedha. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Na tangu Machi 2025 ipo kanuni inayokataza kutoza bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, ambayo sisi wa utalii tunaijua vizuri kwa kuwa tulibadilisha vibao vya bei. Mfanyabiashara mdogo akiyasoma haya kwa pamoja anabaki njia panda, kwa kuwa upande mmoja anaona tangazo la katazo na upande mwingine anaona kodi. Ushauri wangu kwa wote ninaowahudumia umekuwa uleule: usipokee malipo ya mgeni kwa njia hii mpaka uwe umeuliza Benki Kuu, ambayo ina tawi Arusha, na ofisi ya kodi, na ukapata jibu kwa maandishi. Kujifunza kwa kiasi kidogo na kupanga bei za vyumba ni mambo mawili tofauti. Katika mafunzo yale, kwa maelezo ya watu watatu waliohudhuria kwa nyakati tofauti, suala hili liligusiwa mwishoni, dakika za kugawana vyeti.

Lipo jambo jingine ambalo neno faragha linalificha. Wapo wanaodhani kwamba faragha ni kumficha mapato mtoza kodi. Kama mtunza hesabu nalikataa hilo kabisa. Mapato yote yaandikwe, kwa thamani ya shilingi ya siku ile, na risiti itolewe. Faragha ninayoitetea ni ya mgeni asisomwe na mgeni mwenzake, na ya mama asihesabiwe hela na jirani. Tena upande wa mgeni una sheria yake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu kila anayekusanya taarifa za watu, na seva ya malipo iliyosetiwa kuuliza jina, barua pepe na namba ya simu kabla ya kutoa ankara ni mkusanyaji wa taarifa kama kitabu cha wageni kilivyo. Mwaka 2020 taarifa za wateja wa Ledger, kampuni ya Ufaransa inayouza vifaa vya kuhifadhia sarafu hizi, zilivuja, zikiwemo anwani za majumbani za watu zaidi ya laki mbili na nusu. Sarafu zao zilibaki mahali pake, lakini wezi wakajua wanakoishi. Kwenye kisanduku cha mama, kabla diski haijafa, nilikuta barua pepe za wageni wote tangu siku ya kwanza, na nenosiri la kuingilia lilikuwa lile la siku ya mafunzo. Kama huhitaji barua pepe ya mgeni, usimuulize. Hilo halina gharama hata ya vocha.

Kwa malipo ya wateja wa ndani sina la kuongeza. Lipa namba inafanya kazi, jina la mpokeaji linaonekana kabla hujathibitisha, na ukikosea upo mahali pa kupiga simu. Anayetaka faragha kamili kwa kilo ya nyama bado ana noti.

Ninachoomba, Ndugu Mhariri, ni mambo mawili. Kwanza, gazeti lako liwaombe wahusika wa Benki Kuu na wa mamlaka ya kodi waeleze kwa Kiswahili cha kawaida, katika ukurasa mmoja, mwenye nyumba ya wageni anaruhusiwa nini na hajaruhusiwa nini kuhusu sarafu hizi mpaka leo. Pili, wanaoendesha mafunzo haya wabadilishe mpangilio wake: waanze na simu, maneno 12 na jaribio la kufuta na kurejesha, waonyeshe daftari la umma kwenye ukuta kwa projekta ili kila mtu aone anwani iliyotumika mara mbili inavyosomeka, waitaje sheria saa tatu asubuhi badala ya saa kumi na moja jioni, na atakayetaka kununua kisanduku baada ya hapo aambiwe bei ya diski ya akiba, ya betri na ya mtu wa kukitunza.

Mama alikiuza kisanduku kwa fundi wa kompyuta karibu na stendi, bila diski. Sasa ana pochi kwenye simu yake yenye kiasi kidogo alichotumiwa na mdogo wake aliye nje ya nchi, na binti wa mapokezi ana pochi ya kutazama tu ya kujifunzia. Kila Jumapili baada ya ibada wanatumiana satoshi chache, yaani vipande vidogo kabisa vya Bitcoin, wanafuta, wanarejesha. Kwa wageni anapokea shilingi, na barua yake ya kuuliza ameshaiandika kwa mkono. Mimi nimeombwa niichape.

Wako,
Mtunza hesabu,
Soweto, Moshi.